Protini Nyingi, Kalori Ngapi?

Mkoa wa Singida haukosi vyakula vyenye protini. Kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dodoma na Dar es Salaam hufugwa katika vijiji vyetu. Kunde, choroko, dengu, karanga na njugu mawe hulimwa na wakulima wadogo. Samaki huvuliwa katika Ziwa Kitangiri, na dagaa wa Ziwa Victoria huletwa kwa barabara kutoka Mwanza. Kwa hiyo swali linaloulizwa mara nyingi katika elimu kwa watumiaji si wapi protini inapatikana. Swali ni hili: mtu afanyeje apate protini ya kutosha bila kuongezeka unene?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na wakati huohuo asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Matatizo haya mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja na kuchotewa katika sufuria moja. Ushauri wa jumla wa "kula vizuri" haumsaidii mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu au mbele ya gunia, mkononi akiwa na fedha ya siku moja.

Tuchukue mfano wa mama anayefanya biashara katika soko la vitunguu la Misuna, Manispaa ya Singida. Ana umri wa miaka 52 na shinikizo la damu, na kliniki imemshauri apunguze uzito bila kupunguza protini. Anatii. Anaacha nyama choma, na kila alasiri ananunua karanga za kukaanga. Katika maharage anaongeza mafuta ya alizeti, kwa kuwa chupa imeandikwa "haina kolesteroli". Usiku anakunywa kikombe cha kinywaji cha unga kutoka katika kopo lililoandikwa "protini nyingi". Baada ya miezi mitatu, mizani inaonyesha kwamba uzito umeongezeka.

Mama huyu hakudanganywa na mtu. Karanga zina protini, mafuta ya alizeti hayana kolesteroli, na kinywaji kile huenda kweli kina protini nyingi. Lakini kati ya maneno yote aliyoyasoma na kuyasikia, hakuna hata moja lililomweleza juu ya nishati. Makala hii inahusu neno hilo lililokosekana.

Kalori ni kipimo cha nini

Kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili unaipata katika chakula. Kinachoitwa kalori katika mazungumzo ya kawaida ni kilokalori kwa lugha ya maabara, na ndiyo maana baadhi ya lebo huandika "kcal". Sisi hapa tutatumia neno kalori kama linavyotumiwa na wengi. Gramu 1 ya protini hutoa kalori 4, na gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4 vilevile. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Kilevi kilichomo katika pombe hutoa kalori 7 kwa kila gramu, jambo ambalo wanaohesabu ugali na kusahau bia wangefaa kulikumbuka.

Lebo nyingine, hasa za bidhaa zinazotoka nje ya nchi, hutaja nishati kwa kilojuli, yaani "kJ". Kalori 1 ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Wapo wanunuzi wanaoona "1,500" kwenye pakiti na kuirudisha rafuni kwa hofu, kumbe ni kilojuli, na kalori zake hazifiki 360. Wapo pia wanaolinganisha pakiti mbili, moja ikiwa imeandikwa kwa kilojuli na nyingine kwa kalori, wakachagua isiyofaa. Kabla ya kulinganisha namba, angalia kwanza kipimo kilichoandikwa kando yake.

Protini katika kila kalori 100

Kwa kawaida vyakula hulinganishwa kwa gramu 100. Utaratibu huo ni mzuri kwa mambo mengi, lakini kwa anayeangalia uzito wake una mtego. Katika gramu 100 za maharage makavu kuna protini ya gramu 22 hivi. Katika gramu 100 za karanga kuna gramu 25 hivi. Mtu akiishia hapo atasema karanga zimeshinda. Lakini gramu 100 za maharage makavu zina kalori kama 335, ilhali gramu 100 za karanga zina kalori zinazokaribia 570, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta.

Tunapendekeza kipimo kingine, ambacho mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukitumia: gawanya gramu za protini kwa idadi ya kalori, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni gramu za protini unazozipata kwa kila kalori 100 unazokula. Kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo chakula kinavyokupa protini kwa gharama ndogo ya nishati.

Tukipanga vyakula vyetu kwa kipimo hicho, mpangilio unabadilika kabisa. Kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi hutoa protini ya gramu 19 hivi kwa kila kalori 100. Dagaa wakavu hawako mbali naye, ni kama gramu 18. Kuku huyohuyo akiliwa pamoja na ngozi yake, hushuka hadi gramu 11. Yai hutoa gramu 9 hivi, maharage, kunde na choroko zilizochemshwa hutoa gramu 7 hivi, na maziwa ambayo hayakuondolewa malai hutoa gramu 5. Karanga ziko chini yao, kwa gramu 4 na nusu. Mbegu za alizeti hutoa gramu 3 na nusu, unga wa mtama na wa uwele kama gramu 3, na unga wa mahindi gramu 2 na kidogo.

Namba hizi ni za kukadiria. Kuku mmoja si sawa na mwingine, na maharage ya msimu mmoja si sawa na ya msimu uliofuata. Anayetaka takwimu za vyakula vya hapa nchini kwa kina anaweza kupata Majedwali ya Virutubishi vya Vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008, kazi ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishiriki kuiandaa. Hata hivyo, tofauti kati ya gramu 18 na gramu 4 ni kubwa kiasi kwamba haifutwi na msimu wala mbegu.

Turudi kwa mama wa Misuna. Karanga zake za alasiri, tuseme gramu 50, zilimpa protini kama gramu 12 na nusu kwa kalori 285. Protini hiyohiyo angeipata katika gramu 140 za maharage yaliyochemshwa, kwa kalori 180. Angeipata pia katika kipande cha kidari cha gramu 40 kwa kalori zisizozidi 70. Hatusemi kwamba karanga ni chakula kibaya. Ni chakula bora sana kwa mtoto anayetakiwa kuongezeka uzito, na kwa mkulima anayepalilia tangu alfajiri. Kwa mama huyu, ambaye kutwa nzima huwa ameketi kwenye kigoda kando ya magunia, ni chakula cha kupima kwa kiganja na kuacha.

Hapo tuongeze angalizo moja kuhusu dagaa. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga wake, na mchanga huo hupimwa pamoja nao. Ukinunua kwa uzito, kung'uta kiganja kimoja juu ya karatasi kabla hujalipa. Dagaa waliokwisha kukaangwa tayari kwa kutafunwa nao ni bidhaa nyingine kabisa, kwani sehemu kubwa ya kalori zake imetoka katika karai la mafuta.

Mafuta ndiyo yanayogeuza hesabu

Singida ni mkoa wa alizeti. Mitambo ya kukamua imeenea hadi vijijini, na kando ya barabara kuu mafuta yanauzwa katika madumu ya kila ukubwa. Neema hiyo ina athari yake jikoni: mafuta yanayopatikana karibu na kwa wingi humiminwa bila kupimwa.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya aina yoyote, kina kalori 120 hivi na hakina protini hata kidogo. Sahani ya maharage yaliyochemshwa yenye gramu 200 ina protini ya gramu 18 na kalori kama 255, yaani gramu 7 kwa kila kalori 100. Ukiyaunga kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwa sahani hiyo, kalori zinafika 495 na protini inabaki gramu 18 zilezile. Sasa unapata gramu 3.6 tu kwa kila kalori 100. Maharage yako yameshuka hadi daraja la mbegu za alizeti, na hujui, kwa sababu kwa macho sahani ni ileile. Ndivyo ilivyo pia kwa mayai: mawili ya kuchemsha ni chakula chepesi chenye protini ya kutosha, lakini mawili hayohayo ndani ya chipsi mayai ni habari nyingine.

Hatumshauri mtu kupika bila mafuta. Mwili unayahitaji, na vitamini A iliyomo katika mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi panapokuwa na mafuta kidogo. Tunachoshauri ni kuacha kumimina kutoka katika dumu. Weka kijiko kando ya jiko, amua idadi ya vijiko kwa sufuria nzima, kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Familia ya watu sita inayotumia vijiko vitatu kwa mboga haina la kuogopa.

Kuhusu maneno "haina kolesteroli": kolesteroli hupatikana katika vyakula vinavyotokana na wanyama. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya pamba au ya mawese, kwa asili yake hayana kolesteroli ya kutajika. Kwa hiyo maneno hayo kwenye chupa ni ya kweli, lakini hayaitofautishi chupa hiyo na ile iliyo jirani yake, na wala hayasemi lolote juu ya kalori. Neno la kweli linaweza kumpotosha mnunuzi kuliko uongo, kwa kuwa uongo huweza kukamatwa.

Watu huuliza pia kuhusu mashudu ya alizeti. Ni kweli kwamba baada ya mafuta kukamuliwa protini nyingi hubaki katika mashudu, na ndiyo maana kuku na ng'ombe hunawiri kwa kuyala. Lakini mashudu yanayouzwa kwa ajili ya mifugo hayakuandaliwa, hayakuhifadhiwa wala kukaguliwa kama chakula cha binadamu. Yaachieni mifugo, nanyi mle mayai.

"Protini nyingi" kwa kipimo cha nani?

Maneno haya yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye makopo na pakiti yana maana maalumu katika viwango vya chakula. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, imeweka miongozo ya madai ya lishe. Kwa mujibu wa miongozo hiyo, chakula kisicho cha kimiminika kinaweza kuitwa chenye protini nyingi kikiwa na walau gramu 10 za protini katika kila gramu 100, au kikitimiza mojawapo ya vigezo vingine vilivyowekwa, kikiwemo cha kiasi kwa kila kalori 100.

Zingatia gramu 10. Unga wa uwele, ambao wazee wetu wameula vizazi kwa vizazi pamoja na mlenda, una protini ya gramu 11 hivi katika kila gramu 100. Unapita mpaka huo bila kopo la kung'aa. Karanga nazo zinaupita zaidi ya mara mbili. Umoja wa Ulaya unatumia kigezo tofauti: ili chakula kiitwe chenye protini nyingi, walau asilimia 20 ya nishati yake sharti itokane na protini. Kwa kigezo hicho karanga zinaanguka, kwa sababu protini ni asilimia 18 hivi tu ya nishati yake. Chakula ni kilekile, lakini sifa inategemea kipimo. Ndiyo sababu tunamshauri mtumiaji aangalie jedwali dogo lililo nyuma ya pakiti kabla ya kuamini herufi kubwa zilizo mbele.

Katika jedwali hilo kuna mambo mawili yanayohitaji umakini. La kwanza ni kiasi cha mlo mmoja. Baadhi ya vinywaji vya unga huandikwa kwamba kikombe kimoja kina gramu 12 za protini, kisha kwa herufi ndogo kuna maneno "kikiandaliwa kwa mililita 200 za maziwa". Mililita 200 za maziwa pekee zina protini ya gramu 6 na nusu. Zaidi ya nusu ya protini uliyotangaziwa imetoka kwa ng'ombe wa jirani yako, na umeilipia mara mbili. La pili ni orodha ya viambato. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi zaidi kikitangulia. Pakiti yenye "protini nyingi" ambayo kiambato chake cha kwanza au cha pili ni sukari inakueleza yenyewe kalori zake zinatoka wapi.

Pia kuna swali ambalo wachache huuliza: namba ya protini kwenye lebo hupatikanaje? Njia iliyotumika kwa muda mrefu zaidi maabara, iliyobuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, na kwa vyakula vingi matokeo huzidishwa kwa 6.25. Ni njia ya kuaminika, mradi hakuna aliyeingiza naitrojeni ya hila. Mwaka 2008 nchini China, wafanyabiashara waliotia maji katika maziwa waliongeza melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili maziwa yaonekane yana protini ya kutosha yanapopimwa. Watoto wachanga 6 walikufa na wengine wapatao 300,000 waliathirika. Tangu hapo kipimo cha melamini kimekuwa sehemu ya ukaguzi wa bidhaa za maziwa katika nchi nyingi.

Tunasimulia tukio hilo kwa sababu katika baadhi ya masoko huuzwa unga wa "protini" unaochotwa kwa kijiko kutoka katika ndoo au mfuko usio na jina la mtengenezaji. Bei yake huvutia. Lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo, na ukipata madhara hakuna wa kumfuata. Pakiti halali inapaswa kuonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kwa bidhaa za nchini zilizothibitishwa, alama ya ubora ya TBS.

Karanga, unga wa lishe na sumukuvu

Vikundi vingi vya kina mama vinasaga unga wa lishe wenye mchanganyiko wa mahindi, mtama au uwele pamoja na soya na karanga. Ni kazi njema, na kwa mtoto aliyekwisha kuanza vyakula vya nyongeza ni msaada mkubwa. Tuna hoja mbili tu.

Hoja ya kwanza ni kwamba unga huo ni chakula cha kuongeza nguvu na uzito. Mtu mzima anayepunguza uzito na kunywa uji wa lishe asubuhi na jioni juu ya milo yake ya kawaida, tena ukiwa na sukari, anafanya kinyume cha anachokusudia. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Karanga na mahindi hushambuliwa kwa urahisi na kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote inapakana nasi. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga kwa kawaida, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini.

Kwa hiyo nunua karanga nzima, na usinunue zilizokwisha kusagwa na kuuzwa kwa kupimiwa wazi. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu hazionekani tena zikishageuka unga, na yapo maeneo ambako punje hizo ndizo hutengwa na kusagwa kwa kuwa haziuziki nzima. Zichambue nyumbani. Zilizoharibika zisipewe kuku, kwani sumu huwadhuru nao na huweza kupita hadi katika mayai. Ukinunua unga wa lishe, uliza umesagwa lini, na chagua ule ulio katika mfuko uliofungwa wenye lebo kamili.

Gramu moja ya protini ni shilingi ngapi?

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hatutaji bei za soko. Tunatoa hesabu, na msomaji ataweka bei ya siku yake. Iwapo kilo ya maharage makavu inauzwa shilingi 3,000, na kilo hiyo ina protini ya gramu 220, basi kila gramu ya protini imegharimu shilingi 14 hivi. Iwapo kopo la gramu 400 la kinywaji cha unga linauzwa shilingi 24,000, na lebo yake inasema kuna protini ya gramu 20 katika kila gramu 100, kopo zima lina gramu 80, na kila gramu imegharimu shilingi 300. Fanya hesabu hiyohiyo kwa trei ya mayai: yai la kuku wa kienyeji, lenye uzito wa gramu 40 hivi, lina protini ya gramu 5.

Hesabu hii haifanyiki vizuri mahali ambapo kipimo chenyewe hakieleweki. Sado moja na nyingine si lazima zilingane, na kopo lililobonyezwa chini hupunguza maharage bila kubadilisha jina. Pale mizani ilipo, omba upimiwe kwa kilo.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji protini ya gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa mujibu wa ushauri wa wataalamu wa WHO na FAO uliotolewa mwaka 2007. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50. Mayai mawili ya kienyeji asubuhi ni gramu 10. Sahani ya maharage mchana, gramu 18. Ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga, gramu 8. Kipande cha kuku cha gramu 80 bila ngozi jioni, gramu 22. Jumla ni 58, na hatujafungua kopo lolote. Hata nyumba isiyokula kuku siku za kawaida inaweza kufika: ugali na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana, kwa kuwa asidi amino iliyo haba katika nafaka imo kwa wingi katika kunde, na iliyo haba katika kunde imo katika nafaka.

Wasiopaswa kuhesabu kalori

Yote tuliyoyasema yanamhusu mtu mzima mwenye uzito uliozidi. Watoto wasipunguziwe chakula kwa hesabu hizi, hata kama mama yao anapunguza. Mtoto mdogo anahitaji mafuta na karanga zilizosagwa katika uji wake. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mgonjwa wa kifua kikuu, na mtu yeyote anayepungua uzito bila kujua sababu, wote wanahitaji nishati pamoja na protini, na mahali pao ni kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana kwake kiasi kinachomfaa mwingine kinaweza kuwa mzigo.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa kazi ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Malalamiko ya mizani na vipimo hupelekwa Wakala wa Vipimo, na ya matangazo yanayopotosha au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Popote utakapokwenda, nenda na pakiti yenyewe ikiwa na lebo yake pamoja na risiti, na usimwage kilichobaki ndani hata kama kimekuchukiza. Bila namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti hiyo, mkaguzi hawezi kujua ni shehena ipi ya kuitafuta dukani.